Kalamu Chini ya Taa Mbili

Kibanda cha Syokau kiko Kariobangi,
ukishawapita wachomeleaji wa madirisha
na yule anayepaka rangi vitanda vya shule.
Mezani kwake pana taa ndogo
iliyofungwa kwa betri ya pikipiki
iliyokataa kuwasha pikipiki,
na kando yake soketi tupu ya ukutani
inayongoja wagonjwa.

Nilimpelekea balbu ya sebuleni.
Inatetemeka, nikasema, Mama anaumwa kichwa.
Akaniambia: lakini wewe huoni kitu?
Mimi sioni kitu.
Akanipa kalamu ya biki.
Itikise hapa kwanza, chini ya betri.

Nikaitikisa. Ikawa ukungu,
pepeo la buluu lisilo na mshono.

Akaiingiza balbu yangu ukutani.
Sasa hapa.

Kalamu zikawa saba.
Kila moja imesimama peke yake kama fito za ua,
na kati ya fito na fito,
giza.

Sikupenda.
Chini ya taa hiyo nimekula, nimehesabu kodi,
nimesoma barua ya kuachishwa kazi mara tatu,
kumbe ilikuwa inazima na kuwaka
na haikusema.

Stima ya ukutani haifiki popote, alisema,
huku akiipasua balbu shingoni kwa bisibisi.
Inasukuma, inavuta,
mara hamsini kwa sekunde,
na haiwezi kugeuka bila kupita penye sufuri.
Kwenda sufuri, kurudi sufuri:
hesabu mwenyewe, ni mia.
Ya betri inashika njia moja hadi iishe.
Haitetemeki, ila inaisha.

Kwa nini basi wasitupe ya betri?

Akacheka, akaelekeza bisibisi juu
kwenye transfoma ya kona, inayonguruma kama paka.
Yule hali mkondo mnyoofu. Chakula chake ni mabadiliko.
Stima itoke Olkaria, ipande milima,
ishuke hadi kwenye birika lako,
nani wa kuipandisha na kuishusha kama si yule?

Balbu za zamani, alisema, zile za uzi,
hazikujali.
Moto hauulizi umeme umetoka upande gani.
Mkondo ukifika sufuri, uzi bado mwekundu,
haujapata hata nafasi ya kupoa.
Hizi za sasa ni mlango wa upande mmoja:
ukija kinyume, unafungiwa.
Ndiyo maana ndani kuna diodi nne, tazama,
zinaugeuza kila mrudi kuwa mwendo.
Na hapa kuna kapasita.

Ilikuwa imevimba kichwa, pipa dogo
kubwa kiasi cha punje ya maharagwe.

Kwenu maji huja lini?
Jumanne na Ijumaa.
Na Jumatano mnanawa?
Tunanawa. Tuna tangi.
Basi, akasema, tangi lako limepasuka.

Akachoma risasi, moshi ukamwingia jicho,
akaweka nyingine aliyoing'oa kwenye redio ya mtu.
Shilingi sitini. Hana chenji ya mia,
akanipa kipande cha waya nisichokihitaji.

Usiku nilisimama katikati ya sebule
nikitikisa kalamu kama mwendawazimu.
Ukungu. Ukungu tena.
Nikaitikisa kwa kasi zaidi,
na nafikiri, siapi,
pembeni kabisa niliona fito mbili, hafifu.

Imepona? Mama akauliza kutoka jikoni.
Bado inazima, nikamwambia,
ila sasa ina akiba.

Akaja mlangoni akifuta mikono,
akaitazama taa, akanitazama mimi na kalamu.
Hata kichwa hakukitaja.

Kama ina akiba, alisema, izime tulale.
Tokeni zimebaki tatu.